Mabano

Tumefika herufi F.
Feni ya dari ina uvivu wa Ijumaa mchana,
sahani ya kaimati imebaki na shira tu,
na Daktari Mwakazi, mwenyekiti, anauliza tena:
"Huyu Famau Mwinyikombo alifanya nini hasa?"

Nasema: alikuwa karani.
Vizazi na vifo, dirisha la nne,
miaka thelathini na mitatu.
"Hiyo ni kazi," anasema, "si tendo.
Kazi kila mtu anayo."
Bi Shirinbai hainui hata macho:
"Si kila mtu, Daktari. Wanangu wawili hawana."

Kanuni ya tatu ya kamusi elezo yetu:
umaarufu uthibitishwe na vyanzo viwili
visivyo vya jamaa zake.
Mimi ninacho kimoja, kimekunjwa mara nne,
kimeanza kukatika mikunjoni:
cheti changu cha kuzaliwa.
Sahihi yake iko chini, F yenye mkia mrefu
kama paka aliyekaa ukutani Kibokoni.
Jina la mama alilikosea.
Mwanasha aliandika Mwanaisha,
na mama akalizoea kosa, akaliitikia,
hata kibao cha kaburi lake kikamfuata karani.

Tumeshampitisha mbunge wa muhula mmoja.
Tumempitisha mchezaji wa bao moja, pale Tononoka,
bao analolikumbuka yeye na nguzo ya goli.

Basi nikawasimulia mwaka wa ile mvua kubwa,
maji yalipoingia masijala bila kupanga foleni.
Famau alipandisha madaftari arubaini na moja
kwa kichwa, hadi ghorofa ya juu,
akayaanika kwenye kamba za nguo,
vizazi vya Changamwe kando ya vifo vya Majengo,
vikipepea pamoja kama shuka za nyumba moja.
Yaliyofutika aliyanakili upya, miezi saba, kwa mkono.
Gazeti la wiki ile lilimwandika waziri
aliyekuja kuyatazama maji.

"Na Bi Mejumaa?" akauliza Nyanje.
Bi Mejumaa wa Ziwa la Ng'ombe,
mara tisa alifuata cheti cha kifo cha mumewe.
Ndoo kesho. Muhuri umefungiwa. Ndoo kesho.
Nyanje alikuwa mtoto, ameshika kanga ya nyanya yake,
macho yake sawasawa na droo ya chini,
ile iliyokuwa ikifunguka kidogo, ikingoja.
"Tukimwandika yeye, tuiandike na droo."
Sikuwa na jibu.
Feni ikazunguka kwa niaba yangu.

Lakini fungueni ukurasa wowote, niliwaambia.
Alizaliwa Makadara, tarehe kadha.
Alizaliwa Kongowea. Alifariki Mwembe Tayari.
Nani aliyewaambieni?
Hawa wakubwa wote wamesimama
juu ya wino wa mtu mmoja wa dirisha la nne.

Ndipo Ustadhi Badi akatoa bahasha.
Tulikuwa tumemwandikia mzee atupe maelezo yake.
Alikuwa amejibu kwa ubeti mmoja,
nyuma ya fomu ya serikali isiyotumika:

*Barua nimeisoma, nimevaa na miwani,
Mwataka nipate hema, humo mwenu kitabuni,
Nilizawa siku njema, mwaka gani? Sibaini,
Mabano yangu semeni, mtayajaza kwa nini?*

Karani wa vizazi hana cheti.
Hakuna aliyemwandika.
Bi Shirinbai alicheka, kisha akaacha kucheka
akatafuta leso kwenye mkoba.

Tukapiga kura.
Wawili ndiyo, watatu hapana.
Mimi, niliyemleta, nilikuwa wa tatu.
Sijui. Labda ni ile droo.
Labda ni Mwanaisha, aliyelala Kikowani
kwa jina la mtu mwingine.

Daktari akapiga mstari kwa rula, akanyoosha mgongo,
akasoma kidahizo kinachofuata: Feri.
Hiyo ilipita bila kura.